Hana na nyumba ya Eli: nadhiri ya mama ipimwe kwa lipi?

Mtoto ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Anapandishwa Shilo, kwenye nyumba ya Bwana, pamoja na ng'ombe, unga efa moja, ambao ni kama debe na kidogo, na chupa ya divai. Dhabihu inachinjwa, mtoto anakabidhiwa, wazazi wanarudi zao Rama. Anabaki na Eli, kuhani mzee ambaye macho yake yako njiani kupofuka, na wanawe wawili, Hofni na Finehasi, ambao mwandishi wa kitabu hawasitiri hata kidogo. Kitabu cha kwanza cha Samweli kinasimulia yote haya katika sura mbili za mwanzo bila kutuambia mtoto alilala vipi usiku ule.

Hana, mama wa mtoto huyo, anatajwa sana makanisani kwetu. Penye mkesha wa kuwaombea wanaotafuta mtoto, jina lake halikosi. Simulizi hupanda mpaka pale tumbo lililofungwa linapofunguka, vigelegele vinapigwa, na mara nyingi huishia hapo. Au inavutwa kidogo mpaka kwenye nadhiri: mwahidi Mungu kitu, naye atakujibu. Lakini wapo wasomaji wengine, wakiwemo wanawake waliosomea theolojia na watu wa ustawi wa jamii, ambao kisa hicho hicho huwakera. Wanauliza: mama aliyelilia mtoto miaka nenda rudi, akishampata anampelekaje kwa watu baki kabla hajajua hata kujifunika shuka usiku? Wa kwanza wanaona kilele cha imani. Wa pili wanaona mtoto aliyewekwa rehani kabla ya kuzaliwa.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zimemkazia macho Hana kupita kiasi, zikamsahau aliyempokea mtoto. Nitaeleza. Ila kwanza tuingie nyumbani kwa Elkana, kwa sababu nadhiri ile haikuanzia hekaluni.

Elkana ana wake wawili. Penina ana watoto, Hana hana. Kila mwaka familia nzima inakwenda Shilo kutoa dhabihu, na baada ya dhabihu nyama inagawiwa. Hapo ndipo pagumu. Penina anapewa mafungu yake na ya kila mtoto wake, wa kiume na wa kike. Kila fungu linalopita mezani linahesabu kichwa. Elkana anampa Hana fungu la pekee kwa kuwa anampenda, lakini mbele ya mke mwenza mwenye lundo la mafungu, fungu la pekee si faraja, ni tangazo. Penina naye hakosi la kusema. Anamchokoza mwaka kwa mwaka, mpaka Hana analia na kuacha kula. Ndipo mume anauliza swali lake maarufu: "Je! Mimi si bora kwako kuliko watoto kumi?"

Swali hilo wahubiri hulisifu kama ushahidi wa mapenzi, na mapenzi yamo kweli. Lakini anayeuliza tayari ana watoto kwa Penina. Si yeye anayelala na aibu. Isaka, Rebeka alipokosa mtoto, alimwombea mkewe. Elkana anamwuliza mkewe kwa nini hali. Kuhusu Penina, Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, ina rabi mmoja aliyejaribu kumtetea, akasema alimchokoza Hana kwa nia njema, ili amsukume kwenye maombi. Aliyekulia kwenye nyumba ya wake wenza atatabasamu tu akisikia hivyo.

Basi Hana anaondoka mezani peke yake. Mume hamsindikizi, hana mnyama wa dhabihu mkononi, wala hampitii kuhani amwombee. Anasimama, anaomba kwa midomo bila sauti, na anaweka nadhiri: ukinipa mtoto mwanamume nitakupa wewe siku zote za maisha yake, na wembe hautampitia kichwani. Eli, aliyeketi penye mwimo wa mlango, anatazama ile midomo na kuamua kwamba huyu amelewa. "Je! Utakuwa mlevi hata lini? Achilia mbali divai yako." Hana anamjibu kwa adabu lakini kwa uwazi: sikunywa kitu, nimemimina roho yangu mbele za Bwana. Eli anageuza maneno na kumbariki.

Wanaomtetea Hana wana mtaji mkubwa hapa, kuliko unaosikika kwenye mahubiri ya kawaida. Wayahudi wenyewe, tangu enzi za Talmudi, wamemfanya Hana kuwa mwalimu wa sala. Katika trakta ya Berakhoti, sehemu ya Talmudi inayohusu sala, Rabi Hamnuna anashangaa ni sheria ngapi kubwa zinazopatikana katika mistari michache ya Hana: anayeomba aelekeze moyo wake, midomo itamke, sauti isipazwe, na mlevi asisali. Yaani kile kile ambacho Eli alikidhania ulevi ndicho kikawa kipimo cha sala sahihi. Talmudi hiyo hiyo inamhesabu miongoni mwa manabii wanawake 7, pamoja na Sara, Miriamu, Debora, Abigaili, Hulda na Esta. Na kisa chake ndicho fungu la manabii linalosomwa kwenye sinagogi siku ya kwanza ya Rosh Hashana, mwaka mpya wa Kiyahudi. Kwa Wakristo, wimbo wake wa sura ya pili unasikika ndani ya wimbo wa Mariamu katika Injili ya Luka, na Yohane Krisostomo, mhubiri mashuhuri wa Kanisa la kale, alimhubiri kwa mfululizo huko Antiokia mwaka 387.

Lakini jambo linalonigusa zaidi kuliko sifa zote hizo ni mstari mdogo wa 18 wa sura ya kwanza. Baada ya maneno ya Eli, Hana anakwenda zake, anakula, na uso wake haukunjiki tena. Hajapata mimba. Hajui kama atapata. Hakuna kilichobadilika nyumbani. Penina yuko pale pale, na mwakani mafungu yatagawiwa tena. Aliyebadilika ni yeye. Anayedai kwamba Hana alikuwa anafanya biashara na Mungu inabidi aueleze mstari huu, kwa sababu mfanyabiashara hasherehekei kabla mzigo haujafika.

Hata hivyo upande wa pili haukosi hoja, na nyingine zinauma.

Ya kwanza ni kwamba nadhiri yenyewe ina sura ya mapatano. Ukinipa, nitakupa. Yakobo alisema hivyo Betheli alipokuwa anamkimbia nduguye. Yeftha alisema hivyo kabla ya vita na Waamoni, na aliyelipa ni binti yake. Tofauti ni kubwa, maana Samweli hakufa, lakini umbo ni lile lile: mtu mzima anaahidi, mtoto analipa. Nywele zilizokatazwa wembe si za Hana. Siku zilizotolewa si zake. Hati ya kale ya kitabu cha Samweli iliyopatikana katika pango la 4 la Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, inaongeza waziwazi kwamba mama alimtoa awe mnadhiri, yaani mtu aliyetengwa kwa Mungu kwa nadhiri, milele, na mnadhiri hafungwi na nywele tu, amefungwa na zabibu na divai, hata na maiti ya mzazi wake haruhusiwi kuikaribia. Samsoni naye aliwekewa masharti kama haya kabla ya kuzaliwa, lakini kwake ni malaika aliyekuja na agizo kwa mke wa Manoa. Kwa Samweli hakuna aliyeagiza. Ni mama aliyejitolea.

Ya pili ni kwamba si kila kilichokuwa moyoni mwa Hana kilikuwa utakatifu mtupu. Marabi walilijua hilo pia. Rabi Elazari, katika trakta ile ile ya Berakhoti, anasema Hana alirusha maneno makali juu mbinguni. Anamwekea kinywani mfano wa maskini aliyefika kwenye karamu ya mfalme akanyimwa kipande cha mkate, akasukumana mpaka akaingia na kumwuliza mfalme: katika karamu yote hii uliyoandaa, umeona ugumu kunipa kipande kimoja? Hao hao wanaomsifu ndio wanaomsikia akidai. Na katika wimbo wake, kinywa kinapanuka juu ya adui zake, aliye tasa anazaa saba, na mwenye wana wengi anadhoofika. Wataalamu wengi huona kwamba wimbo huu una maisha yake mwenyewe. Unamtaja mfalme wakati Israeli bado haina mfalme, na Hana kwa hesabu ya kitabu alizaa watoto sita, si saba. Hata hivyo aliyeuweka kinywani mwake hakuona tatizo la kumfanya amkumbuke mke mwenza. Mimi pia silioni. Mwanamke aliyechokozwa miaka yote ile akiimba bila kumkumbuka Penina, nisingemwamini.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na ndiyo inayonifanya niandike. Mtoto aliachwa wapi?

Sura ya pili, kuanzia mstari wa 12, inaeleza utaratibu wa Shilo kwa undani ambao si wa kawaida. Mtu akileta dhabihu, nyama ikiwa jikoni inatokota, anakuja mtumishi wa kuhani na uma wa meno matatu mkononi. Anauchoma chunguni, sufuriani, popote, na kila unachoinua uma ni cha kuhani. Baadaye hata hilo likaonekana halitoshi: mtumishi anakuja kabla mafuta hayajateketezwa, anataka nyama mbichi, kwa sababu kuhani hataki ya kuchemsha, anataka ya kuoka. Mwenye dhabihu akisema ngoja kwanza mafuta yateketezwe kama inavyotakiwa, anajibiwa: toa sasa hivi, la sivyo nitachukua kwa nguvu. Kisha mstari wa 22 unaleta tuhuma ya wana wa Eli kulala na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Kifungu hicho cha wanawake hakimo katika hati ya Qumran, kwa hiyo sitakitegemea sana. Uma wa meno matatu unatosha.

Tena kitabu kinasema waliwafanyia hivyo Waisraeli wote waliofika Shilo. Wote, pamoja na akina Elkana, waliokuwa kwenye foleni hiyo kila mwaka tangu kabla Samweli hajazaliwa. Hana aliuona ule uma. Hatuwezi kumtetea kwa kusema hakujua.

Basi mkosoaji anasema: hapo ndipo kesi inapokwisha. Mama alijua nyumba imeoza, akamwacha mtoto ndani yake, kwa sababu ya neno alilolisema siku ya uchungu. Uaminifu kwa nadhiri ukawa mkubwa kuliko uaminifu kwa mtoto.

Ingekuwa hivyo kama kitabu kingemwacha Hana pale mlangoni. Hakikumwacha. Angalia jinsi sura ya pili ilivyopangwa. Samweli anabaki akimtumikia Bwana. Mara uma wa meno matatu. Samweli amevaa naivera, vazi la kikuhani, ya kitani, na mama yake humfanyia kanzu ndogo na kumletea mwaka kwa mwaka. Mara Eli anasikia habari za wanawe. Samweli anazidi kukua. Mara mtu wa Mungu anafika kutangaza kuanguka kwa nyumba ya Eli. Mwandishi anachanganya kwa makusudi, nyuzi mbili kwa zamu, mtoto na uozo, mtoto na uozo. Kanzu ya mama ameiweka katikati kabisa, kati ya kashfa ya nyama na kashfa ya wanawake. Angeweza kuiweka mahali pa usalama zaidi. Hakutaka.

Fikiria kazi ya kanzu ile. Mtoto unamwona mara moja kwa mwaka. Nguo unaitengeneza nyumbani, miezi kabla ya safari, na kipimo huna. Inabidi ukisie amerefuka kiasi gani, mabega yametanuka au bado, mikono iongezwe upana wa vidole viwili au vitatu. Mwaka huu kubwa, mwakani imebana. Mama anayekisia urefu wa mtoto mwaka mzima hajamwacha mtoto. Na mama anayefika kila mwaka ni jicho linaloingia kwenye nyumba ambayo haikupenda macho. Sitaki kuzidisha, mara moja kwa mwaka si ulinzi. Lakini si utelekezaji.

Kuna jingine linalosahauliwa. Elkana alipopanda Shilo mwaka uliofuata kuzaliwa kwa mtoto, Hana alikataa kwenda. Alisema hatapanda mpaka mtoto aachishwe ziwa. Kwa desturi ya wakati ule huo haukuwa muda mfupi. Yule mama wa ndugu saba katika Wamakabayo wa Pili anamwambia mwanawe kwamba alimnyonyesha miaka mitatu. Kwa hiyo ndani ya nadhiri yake mwenyewe Hana alijikatia muda, akaushika. Na mume alikubali: fanya uonavyo vyema. Kukubali huko si maneno ya adabu tu. Hesabu sura ya 30 inampa mume uwezo wa kuitangua nadhiri ya mkewe siku anapoisikia. Akinyamaza, nadhiri inasimama na inakuwa yake pia. Elkana hakuitangua. Anayemshitaki Hana bila kumtaja Elkana anamfanyia mama kile tulichozoea kuwafanyia akina mama: mtoto akipata tatizo, ni wake, akifanikiwa, ni wa ukoo.

Na Eli? Haki yake tumpe. Usiku ule Samweli alipoitwa mara tatu akamkimbilia mzee akidhani ndiye anayeita, Eli hakumfokea. Alimwita mwanangu, akamwambia arudi akalale, na mwishowe akamfundisha la kujibu: nena, Bwana, kwa kuwa mtumishi wako anasikia. Yosefu, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, anasema Samweli alikuwa na miaka 12 wakati huo. Mzee aliyeshindwa na wanawe mwenyewe alimlea wa mwenzake vizuri. Lakini ujumbe wa kwanza ambao mtoto yule alipewa ulikuwa hukumu ya mlezi wake, na asubuhi alipofungua milango ya nyumba ya Bwana alikuwa anaogopa kuusema, mpaka Eli alipomwapisha asifiche neno. Huo ni mzigo kwa mtoto wa miaka 12 asiye na mzazi karibu wa kumkimbilia. Wanaosema Samweli alinufaika tu kwa kulelewa hekaluni wamepita haraka mno juu ya asubuhi ile.

Matunda yake yanasomwa pande zote mbili. Uzeeni Samweli anasimama mbele ya watu wote, sura ya 12, na kuuliza: nimetwaa ng'ombe wa nani? Nimepokea rushwa mkononi mwa nani? Wakajibu hakuna. Aliyekulia penye uma wa meno matatu akatoka na mikono safi. Hapo hapo sura ya 8 inatuambia wanawe, Yoeli na Abiya, waliokuwa waamuzi Beer-sheba, walipenda fedha na kupotosha hukumu. Kuna wanaosema hakujua kulea kwa sababu hakulelewa na baba. Kuna wanaosema alimwiga Eli. Mimi naona wote wanalazimisha. Daudi alilelewa nyumbani kwa Yese na wanawe walimshinda vile vile. Ila ukweli mmoja sijawahi kuusikia mimbarini: sura ya 7 inasema Samweli kila mwaka alizunguka Betheli, Gilgali na Mispa akiamua mashauri, kisha alirudi Rama, maana ndiko kulikokuwa na nyumba yake. Rama ya wazazi wake. Shilo ilishaanguka baada ya sanduku la agano kutekwa na Wafilisti, na Yeremia baadaye aliwaelekeza watu wakatazame magofu yake. Mtoto aliyetolewa kwa Shilo siku zote aliishi kuliko Shilo, akarudi kwao, akazikwa kwao.

Ndugu zetu Waislamu wana kisa kinachofanana na hiki, na kinanisaidia kuona kinachokosekana Shilo. Katika sura ya Al-Imran, mke wa Imrani, ambaye wafasiri humwita Hanna, anaweka nadhiri ya kilichomo tumboni mwake kiwe wakfu kwa Mwenyezi Mungu. Anazaa mtoto wa kike, Maryamu. Hapo Qurani inakuwa makini: Mola wake akampokea kwa mapokezi mema, na akamfanya Zakaria kuwa mlezi wake. Baadaye sura hiyo hiyo inataja watu waliotupa kalamu zao, yaani walipiga kura, nani amlee Maryamu. Mlezi anatajwa kwa jina, na walezi wanashindania dhamana. Nadhiri ya mama ni ile ile. Tofauti iko kwa anayepokea.

Hapo ndipo ninaposimama. Swali kama Hana alikuwa na imani au alikuwa mkatili limeulizwa kwa mtu asiyestahili. Alikuwa na imani. Sura nzima inashuhudia. Nadhiri yake ilikuwa na hatari. Sura ya pili haifichi. Lakini taasisi iliyompokea mtoto ndiyo iliyokuwa na kesi, na hukumu zote za sura ya pili na ya tatu zinaiendea hiyo. Eli anaambiwa amewaheshimu wanawe kuliko Mungu, na kwamba alijua uovu wao asiwazuie. Hana hakemewi popote. Hatajwi tena baada ya kuzaa watoto wengine watano, wa kiume watatu na wa kike wawili.

Kwetu Hana anatumika kila siku, na mara nyingi vibaya. Mhubiri anayemwambia mwanamke asiye na mtoto aweke nadhiri ya fedha "kama Hana" amegeuza kisa. Hana hakumwahidi Eli kitu, na ng'ombe na unga aliopeleka Shilo ulikuwa utoaji wa kawaida wa aliyeondoa nadhiri, si ada ya muujiza. Anayemwambia mzazi ampeleke mtoto mdogo seminari ndogo, kituo cha kanisa au bweni la dini kwa sababu Hana alifanya hivyo, na aseme kwanza kituo chake kinafanana na nyumba ya nani, ya Zakaria au ya Hofni. Nani anaingia usiku wanakolala watoto? Mzazi anaruhusiwa kuja lini, mara ngapi, bila kutoa taarifa? Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imeweka maslahi ya mtoto mbele katika kila jambo linalomhusu, na haikuziacha nje nyumba za ibada. Najua zipo seminari na madrasa zilizolea watu wema kwa miaka mingi, na wazazi wengi hawana njia nyingine ya shule. Hao ndio wenye haki zaidi ya kuuliza.

Linabaki swali ambalo Biblia haikulijibu moja kwa moja. Je, Hana, aliyeuona ule uma, angesikia yanayosemwa juu ya Hofni na Finehasi, akaamua kumrudisha mtoto, angekuwa amevunja imani?

Walawi sura ya 27 inaeleza mtu aliyewekwa nadhiri kwa Bwana anavyokombolewa kwa fedha. Mtoto wa kiume wa mwezi mmoja hadi miaka 5 ni shekeli 5, na shekeli moja ni gramu 11 hivi za fedha. Akivuka miaka 5 inapanda hadi shekeli 20. Mzazi asiye na uwezo anakwenda kwa kuhani, na kuhani anamkadiria kwa kadiri ya alichonacho. Wapo watakaosema sheria hiyo haimhusu mnadhiri, au kwamba Elkana, anayetajwa na Mambo ya Nyakati katika ukoo wa Lawi, alikuwa na mtoto ambaye utumishi ulikuwa unamngoja hata hivyo. Lakini Mlawi katika Hesabu anaanza utumishi akiwa na miaka 25 au 30, si anapoacha ziwa. Hana hakuitumia njia hiyo, na wanaomsifu kwa hilo wana sababu. Ila kama mwaka mmoja angefika na kanzu mkononi, akaona alichokiona, akahesabu shekeli zake mbele ya Eli na kumshika mtoto mkono kurudi naye Rama, sioni mstari wa torati ambao Eli angemsomea.